Mama Patasi na Jina la Herufi Nne

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mashine ya kukatia mawe haijaanza kelele zake, Mama Patasi yuko kwenye kigoda chake, ameinamia bapa la jiwe jeusi na amefumba jicho moja. Anapitisha kidole gumba ndani ya herufi aliyoichonga jana. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anapuliza vumbi, anakohoa, kisha anacheka peke yake.

"Hii imeshiba," anasema. "Jirani yake bado ana njaa."

Kwa lugha ya karakana hii ya mawe ya makaburi, herufi yenye njaa ni ile ambayo mistari yake haijakutana sawasawa. Mguu umeishia njiani, au kiuno kimeacha mwanya. Hapo mchongaji hurudi na patasi akagonga mbili tatu mpaka mistari ishikane, herufi ishibe. Mteja aliyefiwa na mama yake hakuja hapa kutazama mianya.

Basi ni tabia hiyohiyo ya kushibisha herufi iliyomponza mwanamke huyu miezi minne iliyopita, tonge likakaribia kumponyoka mdomoni. Na herufi yenyewe haikuwa ya jina la marehemu yeyote. Ilikuwa ya nne katika jina la Mungu, kama walivyoliandika Waebrania wa kale.

"Ningekosea jina la mtu, ndugu zake wangenifokea yakaisha," anasema. "Hili nikaombe radhi kwa nani sasa?"

Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, lakini mikono yake ni ya mtu mwenye mwili mara mbili ya wake. Kwa miaka kumi na mmoja hapa alikuwa mpiga msasa. Kazi hiyo hufanywa kwa maji: unasimama na viatu vya mpira, unamwagia jiwe maji, unasugua kuanzia msasa mkali kama meno ya mamba hadi ule laini, mpaka jiwe lioneshe uso wako. Saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki.

"Kucha zilikuwa zinaisha zenyewe," anasema akionesha vidole. "Sijui hata bei ya wembe."

Alichokitaka tangu mwezi wa kwanza kilikuwa kile kigoda cha dirishani, cha mchonga herufi. Alikuwa akimtazama bosi wake, mzee mwenye karakana, akichonga majina bila haraka, naye anarudi kwenye maji yake na wivu umemjaa tele. Hasemi kwa kuficha. "Wivu, ndiyo. Niseme nini? Mimi nasugua, yeye anaandika!"

Akaanza kuokota vipande vilivyotupwa na kujifunzia herufi wakati wenzake wanakula mchana. Patasi aliyoipata imekwisha makali aliifunga kwenye kitambaa akawa anatembea nayo mkobani. Siku moja mkoba ukachanika pale getini. Vikamwagika chini kitana, kopo la chakula na patasi. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu, na kuanzia hapo akawa Mama Patasi.

"Walidhani wananikejeli," anasema. "Mimi nikasema, ahsanteni kwa cheo."

Mwaka jana mkono wa kulia wa bosi ulianza kutetemeka. Akatafuta mchongaji mwingine. Wa kwanza aliondoka siku ya tatu bila kuaga. Wa pili alichonga "marehemu" akasahau herufi moja, familia ikakataa jiwe mbele ya wapita njia. Jioni ya siku hiyo Mama Patasi aliingia ofisini na kiroba, akamwaga mezani vipande kumi na tisa vya mawe, vyote vina herufi.

"Nani kachonga?" bosi aliuliza.

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na njaa ya mchana."

Bosi si mtu wa kumwaga sifa. Alivigeuza kimoja kimoja, akavirudisha kirobani. Akamwambia kuna kazi moja imekuja, ndogo lakini ngumu. Jiwe likisimama ukutani bila kasoro, kigoda cha dirishani ni chake. Likiharibika, anarudi kwenye maji, na wasisumbuane tena.

Kazi hiyo ililetwa na Mwalimu. Ni mzee mstaafu aliyefundisha Kiebrania kwa miaka thelathini na moja katika chuo cha dini, na chuo kilikuwa kimejenga chumba kipya cha kusomea pale lilipokuwa darasa lake. Darasa lilibomolewa. Mwalimu aliomba kitu kimoja tu kisitupwe: jiwe la ngazi ya mlangoni, lililokanyagwa na wanafunzi wake wote. Alitaka lichongwe zile herufi nne, lipachikwe juu ya mlango mpya. Chini yake liwekwe neno moja la Kiswahili lenye maana yake, na neno hilo angelileta baadaye.

Alikuja na karatasi ya mfano iliyochorwa kwa penseli. Mama Patasi akaigeuza huku na huku.

"Linaanzia wapi?"

"Kulia, binti yangu. Yod, he, waw, he. He ni mbili."

"Na linasomwaje?"

Mwalimu alicheka. "Hapo ndipo watu wanapogombana."

Akamwelezea pale pale, amekaa juu ya jiwe la kaburi la mtu ambaye bado hajalilipia. Waebrania wa kale, alisema, waliandika konsonanti tu, irabu msomaji anazijaza kichwani.

"Ukiona P, T, S kwenye kisanduku chako, unasoma nini?"

"Patasi."

"Na mgeni?"

"Mgeni atasoma 'pitisi', atasoma 'potosi', atajijua mwenyewe."

"Sasa sisi ndio wageni. Wenyewe waliliheshimu jina hili mno, wakafika mahali hawalitamki. Wakilikuta kwenye maandiko wanasoma 'Bwana'. Karne zikapita hivyo, na waliojua sauti yake wakafa."

Baadaye sana, aliendelea, waandishi walipobuni alama za irabu, walizipachika kwenye herufi hizo nne alama za lile neno "Bwana", kumkumbusha msomaji aseme hilo. Waliokuja nyuma, wasiojua desturi hiyo, wakasoma konsonanti za jina pamoja na irabu za kukumbushia. Ndiyo asili ya "Yehova". Wataalamu wengi leo wanaona huenda lilitamkwa "Yahwe", lakini hakuna aliyekuwepo akasikia.

Kilichomgusa zaidi fundi huyu kilikuwa habari ya mawe. Mwalimu alimwambia kwamba moja ya mawe ya zamani sana yenye jina hilo, la karibu miaka elfu mbili na mia nane, lilichongwa kwa amri ya mfalme adui, anayejisifu kwamba amepora vyombo vya Mungu huyo.

"Kwa hiyo kuna fundi mwenzangu," anasema Mama Patasi, "hata wa dini yao hakuwa, aliambiwa chonga, akachonga. Na akapatia!"

Yeye alianza vizuri. Alisawazisha uso wa jiwe uliokuwa umelika kwa miguu, akaupiga msasa, akahamisha mchoro kwa karatasi ya kaboni. Yod ilimchukua nusu siku. He ya kwanza, siku nzima, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye patasi. Waw, asubuhi moja. Bosi alipita, akasimama, hakusema neno. Kwa bosi huyo, hiyo ni sherehe.

Ikabaki he ya mwisho. Herufi hiyo ina dari juu, mguu mrefu upande wa kulia, na mguu wa kushoto unaoning'inia peke yake. Haugusi dari. Pana mwanya mdogo hapo, kama upana wa punje ya mchele.

Ilikuwa Jumatatu mchana. Amemaliza, amejinyoosha mgongo, ameweka karatasi kando. Akaitazama kazi yake kwa furaha ya mtu aliyefika. Jicho likaona mguu haujafika kwenye dari.

Kumbe mkono haukusubiri ushauri. Gonga, gonga. Mara mbili tu, mwanya ukaziba, herufi ikashiba.

"Nilipoichukua ile karatasi kuikunja ndipo nikaona," anasema. "Nikalinganisha. Nikasema, Mungu wangu, nimefanya nini? Halafu nikakumbuka ni jina la nani, nikazidi kuchanganyikiwa."

Jiwe halina kiraka. Kilichotolewa na patasi kimetoka. Katika Kiebrania he iliyozibwa si he tena, ni herufi nyingine kabisa iitwayo het, na neno lililobaki pale juu si jina la yeyote.

Bosi aliitwa. Alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Saga uso wote milimita tano," alisema. "Uanze upya."

"Mwalimu lazima ajue."

"Ajue kwa nini? Siku zenyewe zimebaki kumi. Au uache hivyo hivyo. Yule mzee ana mtoto wa jicho, hauoni mwanya huo hata umwekee taa. Mjini hapa ni nani mwingine anayesoma michoro hii?"

"Mimi," alijibu Mama Patasi.

Bosi alimkumbusha mapatano yao. Hakumkumbusha kwa ubaya, lakini alimkumbusha. Jiwe likiharibika, maji yanamsubiri.

Nyumbani anaishi na mama mkwe wake, bibi kizee asiyekubali jambo lipite bila kulitolea hukumu. Jioni hiyo bibi alimkuta Mama Patasi amekaa jikoni, sufuria imeungua, hana habari.

"Nani kafa?" mama mkwe aliuliza.

"Hakuna, mama. Nimekosea jina la Mungu."

Bibi akavuta kiti. Akasikiliza hadithi yote, midomo ameibana. Mwisho akauliza: "Yeye mwenyewe kakuambia kitu?"

"Nani?"

"Mungu."

"Hapana, mama."

"Basi hana neno. Mwenye neno ni mwenye jiwe. Nenda ukamwambie mwenye jiwe, na hiyo sufuria utaisugua mwenyewe, si ndiyo kazi yako?"

Alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akasugua sufuria. Asubuhi alipiga moyo konde akaenda kwa Mwalimu. Safari nzima alikuwa akipanga maneno, na alipofunguliwa mlango yote yakayeyuka. Akasema tu: "Nimeharibu jiwe lako."

Chumba cha Mwalimu kimejaa vitabu hadi chini ya kitanda. Alimkalisha, akauliza ni herufi gani, ni mahali gani. Akauliza pia amegonga mara ngapi. Aliposikia ni he, na kwamba ameziba mwanya, alipiga paja lake kwa kiganja.

"Unajua wanafunzi wangu wamelifanya kosa hilo kwa miaka mingapi? Wote! Lakini wao wana raba."

Mama Patasi akamweleza shauri la bosi, kwamba uso utasagwa aanze upya. Hapo Mwalimu aliacha kucheka.

Wenye jina hilo, alisema, hawalifuti. Karatasi iliyoandikwa jina hilo ikichakaa hawaitupi wala hawaichomi, huizika ardhini kama anavyozikwa mtu. Mama Patasi akajaribu kujitetea kwamba pale jiweni jina halijatimia, herufi ya mwisho ni mbovu. Mwalimu akatikisa kichwa. Hata herufi mbili za kwanza peke yake, yod na he, nazo ni jina la Mungu, na zimechongwa vizuri. Yeye si mtu wa dini yao, lakini ameyafundisha hayo miaka thelathini na moja. Hawezi kuliweka sasa jiwe lake mwenyewe chini ya mashine.

"Kwa hiyo basi," Mama Patasi alisema. "Hakuna jiwe jingine, na hili halisagwi."

"Hakuna."

Kwa kutafuta la kusema tu, anasema, alimuuliza Mwalimu kuhusu lile neno la Kiswahili ambalo mpaka siku ile hakuwa amelileta. Jina lenyewe maana yake nini hasa?

Mwalimu akakiri kwamba hilo nalo linamnyima usingizi. Wengi husema linatokana na kitenzi cha "kuwa". Wengine wanasema maana yake ni aliyepo, wengine atakayekuwepo, wengine anayefanya vitu viwepo. Neno moja tu la Kiswahili, na yeye hajaweza kuchagua.

"Mwalimu, si rahisi hiyo?" alisema mwanamke huyu aliyeishia darasa la saba. "Mtu akija karakana akamuulizia bosi, nikijua yuko mjini kwenye shughuli zake, namwambia 'yuko'. Akiwa pale pale uani, nasema 'yupo'. Akiwa ofisini ndani, 'yumo'. Sasa wewe wako yuko, yupo, au yumo?"

Mwalimu alimtazama kwa macho yake yenye ukungu. Akaomba arudie. Akarudia.

"Yupo," Mwalimu akasema taratibu. "Andika 'YUPO'. Miaka yote hiyo natafuta kwenye makamusi!"

Ni wakati akisimama kuaga ndipo lilipomjia jambo ambalo, kwa maneno yake, mchongaji asingelifikiria lakini mpiga msasa lazima alifikirie. Jiwe lina uso, sawa. Lakini lina mgongo pia.

Ule upande wa chini wa ngazi ulikuwa umelala udongoni miaka yote, umekwaruzika, una mabonde. Unene wa jiwe ni sentimita nane, mgongo unaweza kuchongwa bila kuufikia uso. Na uso wenye kosa utatazama ukutani, ufunikwe kwa saruji. Haufutwi, unazikwa. Mwalimu alimshika mikono yote miwili, akashindwa kusema.

Bosi yeye alisema. "Siku tisa? Mgongo ule? Mashine ina kazi za watu, sikupi."

"Sijaomba mashine."

"Na usiku sikulipi."

"Usiku nalala, bosi."

Walihitajika wanaume wanne kulipindua, maana ni karibu kilo mia. Kisha Mama Patasi akavaa tena viatu vyake vya mpira, akajifunga kibwebwe, akaanza kusugua kwa mkono. Siku tano alisugua tangu karakana inafunguliwa hadi inafungwa. Wapiga msasa wenzake walimtania kwamba bibi arusi amerudi kwao kabla fungate halijaisha. Siku ya tatu mmoja wao aliacha kutania, akachukua msasa akakaa upande wa pili wa jiwe, na hakuna aliyemtuma.

Siku ya sita akaanza kuchonga. Safari hii alifanya jambo ambalo wachongaji hawalifanyi. Alianza na he ya mwisho, akili ikiwa bado mbichi, na kwenye ule mwanya akabandika kipande cha plasta ya kidonda ili mkono usipite. Waw, he, yod zikafuata. Mwisho, chini, herufi nne za Kiswahili: YUPO.

"Hapo ndipo nilipogundua na lenyewe ni la herufi nne," anasema. "Nikamwambia bosi, tumepigiwa hesabu sawa."

Alhamisi jiwe lilipandishwa. Kabla halijainuliwa Mwalimu aliomba aliguse. Alipitisha kidole kutoka kulia kwenda kushoto, herufi kwa herufi, na alipofika ya nne kidole kikasimama kwenye mwanya, kikatambaa mle, kikasimama tena. Bosi, aliyekuwa amekunja mikono pembeni, alisahau kuikunjua hata fundi mwashi alipomwomba ashike kamba.

"He," alisema Mwalimu. "He kabisa."

Fundi mwashi, aliyeona uso wa pili wakati wa kupaka saruji, aliuliza je, hiyo michoro ya nyuma ni ya nani, mbona inafunikwa? Mama Patasi akamjibu kwamba ni ya huyo huyo wa mbele. Kwa nje yupo, na kwa ndani yumo. Mwashi akafikiri anataniwa, Mwalimu akacheka mpaka akatafutiwa kiti.

Siku iliyofuata bosi hakutoa hotuba. Alikisogeza kigoda karibu zaidi na dirisha, kwenye mwanga, akaenda zake ofisini. Tangu hapo Mama Patasi amekwisha chonga mawe thelathini na manne. Halipwi tena kwa wiki, analipwa kwa herufi, na anakiri kwamba sasa akisikia mtu ana majina matatu marefu humpenda kabla hajamjua.

Jumamosi mchana, kazi ikiisha, huenda kwa Mwalimu kujifunza Kiebrania. Amefika herufi ya kumi na moja kati ya ishirini na mbili. Anataka azimalize zote, na mwezi ujao anakwenda kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la kwanza, ambao katika karakana hii bosi peke yake ndiye aliyewahi kuufaulu. Akifaulu, ataruhusiwa kufundisha. Tayari wapiga msasa wawili wamemwambia wanataka kujifunza, na amewaambia waanze kuokota vipande.

Fomu ya mtihani iko mezani ofisini, na mwandishi wa makala haya aliikuta ikijazwa. Jina, umri, miaka ya kazi. Kwenye nafasi iliyoulizwa kazi yako ni nini, Mama Patasi alichukua kalamu ya wino. Bosi, ambaye mkono wake ulikuwa ukitetemeka juu ya meza, alimsogezea penseli.

"Anza na hii," alimwambia. "Ukikosea utafuta."

Aliitazama ile penseli, akairudisha upande wa bosi. Akaandika kwa wino, herufi kubwa, bila haraka: MCHONGA HERUFI.

"Hili halifutwi, bosi," alisema, akasaini.